Nguo Halisi, Mwili wa Plastiki: Hamu ya Zamani na Uhalisia katika Ukusanyaji wa Wanasesere

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Labda hawakuwahi kuwaza kuhusu soko ambalo kitu kilichokataliwa hata na kampuni iliyokitengeneza hujiuza kwa bei inayokishinda chema mara nyingi. Soko hilo lipo. Ni soko la wanasesere wa zamani waliovishwa nguo za kitambaa: askari, wanaanga na mashujaa wa vitabu vya katuni ambao watoto wa Marekani na Uingereza walinunuliwa kati ya miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1980. Watoto hao sasa ni wazee au watu wa makamo. Wengi wao wamerudi kuwatafuta wanasesere wale wale, na wanawalipia fedha ambazo zingewashtua wazazi wao.

Makala haya yanadhamiria kuutazama ukusanyaji huo kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi. Msomaji ana haki ya kuuliza, je, fasihi inahusiana vipi na vichezeo vya watoto wa ng'ambo? Inahusiana kwa kuwa wakusanyaji hao hubishana usiku na mchana juu ya dhana mbili ambazo hazikauki katika madarasa ya uhakiki, yaani uhalisia na hamu ya zamani. Hudai kuwa mwanasesere aliyevishwa kitambaa ana uhalisia zaidi kuliko yule ambaye nguo zake zimefinyangwa pamoja na mwili wake wa plastiki. Hudai pia kuwa hamu ya utoto ndiyo inayowasukuma. Madai yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayawezi kukubaliwa kama yalivyo.

Msimamo unaotetewa hapa ni kuwa thamani ya nguo ya mwanasesere imo katika matumizi yake. Nguo hiyo huvuliwa, huvishwa, hupauka, huchanika na kushonwa upya. Kwa hiyo, mkusanyaji anayetaka uhalisia hana budi kuyaheshimu makovu ya nguo hiyo. Hamu inayoyakimbia makovu hayo inatamani jana ambayo haikuwahi kuwako.

Jina na Aibu Yake

Historia ya wanasesere hawa inaanza na suala la lugha. Mwaka wa 1959 kampuni ya Mattel ilimtoa Barbie, mwanasesere wa kike ambaye biashara yake iliegemea nguo: mnunuzi alinunua mwili mmoja, kisha akaendelea kununua mavazi. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1964, kampuni ya Hasbro iliufuata mpango huo huo kwa wavulana. Ikamtoa G.I. Joe, askari wa takriban inchi 12, yaani kama sentimita 30, mwenye viungo vinavyopindika na sare za kitambaa za majeshi mbalimbali. Mwaka wa 1966 kampuni ya Palitoy ilimtoa ndugu yake wa Uingereza, Action Man.

Kikwazo kilikuwa jina. Wafanyabiashara walihofu kwamba hakuna baba wa Kimarekani ambaye angemnunulia mwanawe wa kiume mwanasesere. Basi neno lile likaepukwa kama ukoma, na mahali pake ikabuniwa istilahi mpya ambayo kwa Kiswahili ingekaribia "umbo la vitendo". Mwanafunzi wa semantiki ataitambua mbinu hiyo mara moja. Ni tasifida ya kibiashara. Mvulana aliendelea kumvua na kumvisha mwanasesere wake nguo kama dada yake alivyofanya, ila sasa lugha ilimlinda asione haya.

Kiswahili hakina mpaka huo. Mwanasesere ni mwanasesere, awe amevaa gauni au magwanda. Isitoshe, ndani ya neno lenyewe mna "mwana", kiumbe anayelelewa, anayevishwa na kubebwa. Neno letu linakiri kile ambacho istilahi ya wafanyabiashara ilikificha, kwamba kiini cha mchezo huu ni kutunza. Mtoto aliyekuwa akihangaika kuuingiza mkono wa plastiki katika shati dogo alikuwa akifanya kazi ya mzazi. Jambo hili lishikwe vyema, kwani ndilo litakaloeleza baadaye kwa nini nguo ina nguvu kubwa katika kumbukumbu za watu wazima.

Mwili Mmoja, Mashujaa Wengi

Mwaka wa 1966 kampuni ya Ideal ilimtoa Captain Action, shujaa ambaye kazi yake hasa ilikuwa kujigeuza. Alivishwa vazi na kinyago cha Superman akawa Superman; akavuliwa, akavishwa vya Batman, akawa Batman. Hapa nguo si pambo la mhusika. Nguo ndiyo mhusika.

Kampuni ya Mego, iliyoanzishwa mwaka wa 1954, ndiyo iliyoifikisha fikra hiyo kwenye kilele chake. Mwaka wa 1972 ilianza kuuza wanasesere wa inchi 8, yaani kama sentimita 20, wa mashujaa wa katuni. Wa mwanzo walikuwa Superman, Batman, Robin na Aquaman, na baada yao wakafuata wengine wengi. Siri ya biashara ilikuwa rahisi: karibu mashujaa wote wa kiume walitumia mwili mmoja. Kilichobadilika ni kichwa na mavazi. Kiwanda kiliokoa gharama ya kuchonga kalibu mpya kwa kila mhusika, na mtoto akapata uwezo wa kuwavalisha mashujaa wake nguo za wenzao.

Wahakiki wa fasihi wanaopenda kuzungumzia wahusika bapa na wahusika duara wangepata mfano wa ajabu hapa. Mwaka wa 1974 duka la Montgomery Ward liliuza wanasesere wa Mego waliowakilisha sura za kiraia za mashujaa hao, akiwemo Clark Kent, ambaye ndiye Superman akiwa amevaa suti, na Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man. Mtu yule yule, mwili ule ule, suti mahali pa joho. Hadithi nzima ya utu uliogawanyika ilisimuliwa kwa mavazi, na mtoto wa miaka saba aliielewa bila ya mhadhara.

Enzi hiyo haikudumu. Mwaka wa 1976 Mego ilipewa nafasi ya kutengeneza vichezeo vya filamu ya Star Wars ikaikataa. Kampuni ya Kenner ikaichukua, na kufikia mwaka wa 1978 maduka yalijaa wanasesere wa inchi 3.75, wasiofika hata sentimita 10, ambao nguo zao zilikuwa sehemu ya plastiki yenyewe. Udogo huo uliwezesha kutengeneza vyombo vya angani ambavyo wanasesere hao waliingia ndani yake, jambo ambalo lingekuwa ghali mno kwa mwanasesere wa sentimita 20. Watoto wakahama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mego ikafilisika, na G.I. Joe mwenyewe akarudi mwaka wa 1982 akiwa mdogo, mwenye sare ya plastiki isiyovulika.

Kitambaa Hakipungui

Sasa turejelee dai la uhalisia. Wakusanyaji husema kuwa nguo ya kitambaa ni ya kweli kwa sababu ni kitambaa hasa. Dai hili linaonekana kuwa wazi kama mchana, lakini hesabu ndogo hulitia dosari.

Mwanasesere wa sentimita 20 anamwakilisha mtu wa sentimita 180. Maana yake ni kuwa kila kitu chake kimepunguzwa mara tisa. Mwili unapungua, kichwa kinapungua, kiatu kinapungua. Uzi haupungui. Kitambaa chembamba chenye unene wa milimita 0.3, kikiwa juu ya mwili huo, ni sawa na vazi lenye unene wa milimita 2.7 juu ya mtu mzima, yaani ni kama blanketi. Upindo uliokunjwa mara tatu unakuwa kama ubao wa milimita 8 unaomzunguka mtu shingoni. Aidha, joho la shujaa halianguki mabegani kwa ulaini, kwani kipande kidogo cha kitambaa hakina uzito wa kukivuta chini. Hutanuka nyuma ya mgongo kama mlango uliofunguliwa nusu. Watengenezaji wa siku hizi hulazimika kutia waya mwembamba ndani ya upindo ili joho likae kama joho. Glavu za Batman wa Mego nazo hazikuwa na vidole. Zilifanana na zile za kushikia sufuria ya moto.

Kinyume chake, mchongaji wa plastiki anaweza kuchora mikunjo ya nguo kwa kipimo barabara cha moja kwa tisa. Picha ya mwanasesere wake inaweza kumdanganya mtazamaji akadhani ni mtu. Lakini mikunjo hiyo haisogei. Mwanasesere akiketi, shati lake linabaki limekunjika kama lilivyokunjika alipokuwa amesimama.

Tunapata kitendawili cha kweli hapa. Kitambaa ni kitu halisi ambacho hakifanani na kile kinachokiwakilisha, ilhali plastiki inafanana nacho bila ya kutenda kama chenyewe. Ni upi kati ya hao wawili ulio uhalisia?

Swali hili si geni katika fasihi. Mhakiki wa Hungaria, Georg Lukács, alitofautisha katika insha yake ya mwaka 1936 kati ya kusimulia na kueleza. Kwa maoni yake, mwandishi anaweza kurundika maelezo sahihi ya kila kitu chumbani na bado akashindwa kuonyesha uhai wa watu, kwani maelezo hayo hayashiriki katika matendo yao. Uhalisia kwake ulikuwa katika uhusiano wa watu na vitendo. Tukiutumia mwanga huo, plastiki iliyochongwa inaeleza, na kitambaa kinasimulia. Shati la mwanasesere linaweza kukosa kipimo, lakini mtoto akiamua kuwa shujaa ameanguka mtoni, shati hilo litalowa, litavuliwa, litaanikwa. Linaingia katika tendo.

Hata jukwaani hali ni hiyo. Mwigizaji akijitanda leso mabegani na kutembea kwa mwendo wa kifalme, hadhira humkubali kuwa mfalme, ingawa kila mtu anajua kuwa leso ile imetoka dukani jana. Hadhira haipimi nyuzi. Inatazama kama leso inafanya kazi ya joho. Kwa hiyo wakusanyaji hawakosei wanaposema kuwa nguo ina uhalisia. Wanakosea wanapodhani kuwa uhalisia huo ni wa sura.

Uhalisia wa Vifungo na Vita Visivyo na Majeruhi

Hata hivyo, uhalisia wa vitu vidogo unaweza kutumiwa kuficha ukweli mkubwa. G.I. Joe wa mwaka 1964 alisifiwa kwa ukamilifu wa vifaa vyake: kofia ya chuma ya bandia, mkanda, bunduki, kibati cha utambulisho shingoni. Shavuni alikuwa na kovu. Msomaji anaweza kudhani kuwa kovu hilo ni kumbukumbu ya vita, kumbe liliwekwa ili kuitambulisha bidhaa na kuilinda dhidi ya waigaji. Ndilo jeraha pekee aliloruhusiwa kuwa nalo.

Mwanasesere huyo alizaliwa katika nchi iliyokuwa bado inaikumbuka Vita vya Pili vya Dunia kwa fahari. Miaka michache baadaye, Vita vya Vietnam vilileta picha za askari ambazo wazazi hawakutaka zifanane na kichezeo chochote. Mnamo mwaka wa 1970 Hasbro ilimgeuza askari wake kuwa kiongozi wa wavumbuzi, mwenye ndevu na nywele za manyoya, anayewinda hazina na wanyama wa porini. Sare ya kijeshi ikawekwa kando. Vifungo vilikuwa sahihi wakati wote. Kilichokosekana ni vita vyenyewe.

Mkusanyaji wa leo anapomweka askari yule kabatini na kumsifu kwa usahihi wa mkanda wake, anarithi pia kimya hicho. Hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya. Linaonyesha tu kuwa usahihi wa vitu vidogo hautoshi kuitwa uhalisia, wala katika riwaya wala katika kabati la vioo.

Hamu na Bei Yake

Neno ambalo Wazungu hulitumia kwa hamu ya zamani lilibuniwa mwaka wa 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu. Kwake ulikuwa ugonjwa wa Waswisi waliokuwa mbali na kwao. Dawa yake ilieleweka: mgonjwa arudishwe nyumbani. Siku hizi anayeumwa na ugonjwa huo anatamani wakati, na hakuna gari liendalo huko. Ndiyo maana hununua vitu.

Svetlana Boym, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu hamu hiyo, alitenga aina mbili. Ipo inayotaka kuirejesha jana kama ilivyokuwa, na ipo inayotafakari umbali uliopo kati ya jana na leo. Ukusanyaji wa wanasesere una watu wa aina zote mbili, na tofauti yao inaonekana vizuri zaidi katika suala la bei.

Mfano bora ni ule uliodokezwa mwanzoni. Kenner ilipotoa wanasesere wa Star Wars mwaka wa 1978, mmoja wao alikuwa Jawa, kiumbe mfupi wa jangwani. Kwanza alivishwa joho la vinili. Kampuni ikaona kuwa joho lile lilionekana hafifu mno juu ya kiumbe mdogo aliyeuzwa kwa bei sawa na wenzake, ikalibadilisha mapema kwa joho la kitambaa lenye kofia. Kitambaa kilishinda. Maelfu kwa maelfu ya watoto walicheza na Jawa wa kitambaa, na wachache tu wakampata wa vinili. Leo hii, Jawa wa vinili ndiye anayeuzwa kwa bei ya kutisha, kiasi kwamba waghushi hukata joho la vinili la mwanasesere mwingine na kulivisha Jawa wa kawaida ili wawalaghai wanunuzi.

Lau hamu ya utoto ndiyo ingekuwa inapanga bei, Jawa wa kitambaa angekuwa na thamani kubwa zaidi, kwani ndiye aliyelala chini ya mito ya watoto. Bei inapangwa na uadimu. Mkusanyaji anayemlilia Jawa wa vinili kwa jina la utoto wake analilia utoto wa mtu mwingine, na pengine utoto usio wa mtu yeyote.

Ndivyo ilivyo pia kwa visanduku. Mwanasesere aliyemo ndani ya kisanduku ambacho hakijawahi kufunguliwa huuzwa kwa bei inayomzidi mara nyingi yule aliyechezewa. Tafakari, ewe msomaji, maana ya jambo hilo. Kitu kinachotafutwa kwa sababu ya kumbukumbu ya mchezo hupanda thamani kwa kadiri ambavyo hakikuchezewa. Kisanduku kile kamili hakina kumbukumbu ndani yake. Kina mwanasesere ambaye hakuna aliyemtaka kiasi cha kumfungua, au aliyenunuliwa akasahauliwa stoo.

Wapo watakaopinga hoja hii. Watasema, na kwa haki, kuwa kisanduku kizima ni hifadhi. Kinatuonyesha rangi ya kitambaa kabla ya kupauka, jinsi kampuni ilivyoitangaza bidhaa yake, na vifaa vidogo ambavyo hupotea wiki ya kwanza. Mwanahistoria anakihitaji kama vile mhariri wa tenzi anavyouhitaji mswada safi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mhariri huyo huyo anajua thamani ya mswada uliopitia mikononi mwa watu, wenye madoa ya mafuta na maneno yaliyoongezwa pambizoni, kwani huo ndio unaosema utenzi ulisomwaje. Hifadhi inahitaji yote mawili. Soko linataka moja tu.

Mshono wa Mkono

Mwanasesere wa Mego aliyechezewa huwa na historia inayosomeka. Wale wa mwanzo walishikanishwa kwa mpira ndani ya kiwiliwili. Mpira huo umelegea au umekatika, na mikono ikaning'inia. Vishikizo vidogo vya chuma mgongoni vimeshika kutu na kutia doa kitambaani. Nembo iliyobandikwa kifuani imebanduka. Mara nyingine katika pindo la suruali pana mshono usio wa kiwandani, wa uzi wa rangi nyingine, ambao ni dhahiri kuwa ulitiwa na mama, dada au bibi wa mtoto aliyekuja analia.

Mkusanyaji wa soko huiita hiyo kasoro na hupunguza bei. Mkusanyaji mhalisia angepaswa kuita mshono huo ushahidi. Plastiki hukwaruzika na kuvunjika, lakini nguo hushonwa, na kushonwa kunahitaji mtu wa pili. Mshono ule unathibitisha kuwa kichezeo kilipendwa, na kwamba nyumbani mle kulikuwa na mtu aliyeacha kazi zake kwa ajili ya shati la ukubwa wa kiganja. Hakuna kisanduku kilichofungwa kinachoweza kusema hayo.

Suala hili limekuwa zito zaidi kwa sababu nakala mpya zimejaa. Mwaka wa 2010 Mattel ilitoa mashujaa wa kitambaa kwa mtindo wa Mego. Mwaka wa 2018 jina la Mego lenyewe lilifufuliwa na Martin Abrams, aliyeiongoza kampuni hiyo katika miaka ya 1970, na wanasesere wake wakauzwa katika maduka ya Target. Huuzwa pia nguo, glavu na viatu vya kuwakamilishia wa zamani. Si vibaya. Mtoto wa leo akipewa nakala mpya akaichafua matopeni, atakuwa ameiendeleza jadi kuliko mzee anayeifungia kabatini. Ubaya unaanza pale glavu mpya inapouzwa kama ya mwaka 1972, au mshono wa bibi unapofumuliwa na suruali mpya kuwekwa mahali pake ili mwanasesere "akamilike". Huko ni kuifuta jana kwa kisingizio cha kuipenda. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Majina Yaliyosahauliwa Mgongoni

Hamu ya zamani ina mazoea ya kukumbuka chumba cha mtoto na kusahau kila kilichokuwa nje yake. Mwanasesere wa Mego akivuliwa shati, mgongoni pake husomeka kuwa alitengenezwa Hong Kong. Katika miaka ya 1970 mji huo ulikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vichezeo duniani. Nguo zile ndogo hazikutoka kwenye kalibu. Kila shati lilipita chini ya sindano, likiongozwa na vidole vya mfanyakazi aliyelazimika kushona shingo isiyozidi upana wa kidole gumba. Anayesifu kitambaa kwa uhalisia wake anasifu kazi ya mfanyakazi huyo, ajue asijue. Kumbukumbu za wakusanyaji zina majina ya wakuu wa kampuni na ya wachongaji wa vichwa. Washonaji hawana jina.

Lipo pia jina linalotugusa sisi wa Kiswahili. Mwaka wa 1974 Mego ilitoa wanasesere wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek. Miongoni mwao alikuwamo Uhura, afisa wa mawasiliano mwenye gauni jekundu la kitambaa, mwanamke mweusi katika rafu ambayo wakati huo haikuwa na wengi wa aina yake. Jina lake lilitokana na neno letu "uhuru". Nichelle Nichols, mwigizaji aliyemwigiza, alisimulia kuwa siku ya usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyochapishwa mwaka wa 1962 na inayohusu Kenya. Katika kipindi cha kwanza kurushwa hewani, mnamo Septemba 1966, Uhura anazungumziwa kwa Kiswahili.

Riwaya ile iliandikwa na Mmarekani aliyeitazama Kenya kwa macho ya mgeni, mwaka mmoja kabla ya nchi kujitawala. Neno likavuka bahari, likabadilishwa irabu yake ya mwisho, likapachikwa kwa afisa wa karne zijazo, kisha likashonewa gauni la sentimita chache. Wapo wakusanyaji wanaojua unene wa soli ya kiatu cha Uhura bila ya kujua kuwa jina lake liliwahi kumwagiwa damu. Mtu akimkusanya Uhura bila ya uhuru, amekusanya nguo tu. Hapo ndipo uhalisia unapopaswa kuidai hamu deni lake: iseme kitu kilitoka wapi, kilishonwa na nani, na jina lake lilimaanisha nini kabla ya kuwa bidhaa.

Hitimisho

Roland Barthes, katika mkusanyiko wa insha alioutoa mwaka wa 1957, alivilalamikia vichezeo vya Ufaransa kwamba vilimfanya mtoto awe mtumiaji wa dunia iliyokwisha kutengenezwa badala ya muumbaji wa dunia yake. Aliilaumu plastiki na kuusifu mti. Wanasesere wa nguo wako katikati ya hukumu yake. Miili yao ni plastiki, na hadithi zao ziliandikwa na makampuni. Lakini nguo iliacha upenyo. Mtoto aliweza kuivua, na mara tu alipoivua aliweza kukataa hadithi aliyouziwa na kutunga nyingine.

Upenyo huo ndio unaofaa kukumbukwa. Mkusanyaji anayemfungua mwanasesere wake, akamvisha, akauacha mshono wa zamani mahali pake na kuandika kando kwamba glavu hii ni nakala, ameipa hamu yake kazi ya maana. Amehifadhi kitu pamoja na maisha yake. Yule anayetafuta kisanduku kisichoguswa anahifadhi bei, na bei hupanda na kushuka pamoja na kizazi kinachokumbuka. Watoto wa miaka ya 1970 wakiisha kuondoka, nani atalipa fedha zile kwa Jawa wa vinili? Mshono wa bibi utaendelea kusomeka hata kwa asiyewahi kumwona Batman.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana visanduku vyao. Mara nyingi tenzi za kale husifiwa madarasani kwa ukongwe wake tu, zikinakiliwa mitihanini bila ya kughanwa wala kubishaniwa, kana kwamba kuziimba kutazipunguzia thamani. Tenzi hizo zilidumu kwa sababu zilivaliwa: ziliimbwa vyumbani, zikakosewa, zikaongezwa beti, zikashonwa upya na kila mwenye sauti. Anayezipenda na azifungue.